Kile kiwanja cha nyuma ya tangi: historia fupi ya bustani kwenye ardhi "isiyo na kazi"



Mwezi uliopita kikao chetu kilizungumzia kile kiwanja cha nyuma ya tangi la maji. Kimekaa hivyo miaka, majani yamefika kifuani, na watu wanapita na madumu yao bila hata kukitazama. Kaka mmoja akasimama akasema: ardhi ipo, majembe yapo, mikono ipo, sasa tunangoja nini? Watu wakapiga makofi. Mgao umepungua, kila mmoja anajua sufuria ya nyumbani kwake ilivyo siku hizi. Hata mimi nilitaka kupiga makofi. Lakini nilinyamaza, na baadaye wawili watatu wakaniuliza kwa nini. Haya ndiyo majibu, ni marefu kidogo, mniwie radhi.

Mimi nimeshawahi kulima kiwanja kitupu. Ilikuwa katika makazi mengine, kabla familia yetu haijahamishwa kuja huku. Tulikuwa vijana tisa. Sehemu ile ilikuwa jalala, tukakaa siku nne tunatoa chupa, plastiki na betri za tochi. Tukabeba samadi kwa magunia kutoka kwa wenyeji wenye ng'ombe. Tukapanda lenga-lenga (Waganda wanaita dodo, wengine mchicha), vitunguu na nyanya. Nyanya zilipoanza kushika rangi, asubuhi moja tukakuta nguzo za uzio zimesimikwa katikati ya matuta. Kumbe kulikuwa na ofisi iliyopanga kujenga stoo pale tangu mwaka wa nyuma yake. Sidhani walitaka kutuumiza. Hawakujua tupo, na sisi hatukuwahi kuuliza. Kilichonichoma zaidi ni mama mmoja mwenyeji aliyepita pale akatupa pole, halafu akasema hata yeye alikuwa anatushangaa, maana pale palikuwa malisho ya mbuzi wa baba mkwe wake kabla wakimbizi hatujafika. Yaani lile jalala lilikuwa na wenyewe wawili, na sisi tulidhani halina hata mmoja.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila ninachopata kuhusu watu waliolima ardhi isiyotumika. Si wachache, na wengine ni wa zamani sana.

Tuanze Uingereza mwaka 1649. Januari mwaka huo walimkata kichwa mfalme wao, Charles wa Kwanza. Walikuwa wametoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, mavuno yalikuwa mabaya, chakula bei juu. Tarehe 1 Aprili kikundi kidogo kikapanda kilima kinachoitwa St George's Hill, katika kaunti ya Surrey, kikaanza kulima. Walipanda mboga za mizizi, karoti na maharage. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Gerrard Winstanley, mfanyabiashara wa nguo wa London aliyefilisika na kwenda kijijini kuchunga ng'ombe. Hoja yake ilikuwa rahisi: ardhi iliumbwa kwa ajili ya wote, na sehemu hii hakuna anayeilima, basi maskini wailime pamoja na wale pamoja. Watu wakawaita Diggers, wachimbaji.

Sasa, ile ardhi ilikuwa kweli haitumiki? Ilikuwa nyika ya mchanga, haijalimwa, hiyo ni kweli. Lakini ilikuwa na bwana mwenye milki, na wanakijiji wa jirani walikuwa na haki za zamani za kulisha mifugo pale na kuokota kuni. Kwa hiyo maskini wa Winstanley walipoweka majembe chini, hawakugombana na matajiri peke yao. Waligombana pia na watu wa kawaida waliohofia malisho yao, na walipotangaza kwamba watakata na kuuza miti ya pale ili wapate mtaji, moto ukazidi. Jenerali Fairfax, mkuu wa jeshi, alikwenda kuwaona mwenyewe akazungumza nao, hakuona hatari yoyote kubwa. Majirani ndio hawakutulia. Mazao yalikanyagwa, majembe yakavunjwa, vibanda vikabomolewa. Wakashtakiwa mahakamani Kingston kwa kuingia ardhi ya wengine. Wao wakataka kujieleza wenyewe bila kumlipa wakili, mahakama ikakataa kuwasikiliza. Agosti wakahamia eneo jingine la Cobham, wakaanza upya, na Aprili 1650 nyumba zao zikachomwa moto. Mwaka mmoja tu, basi.

Leo kile kilima ni mtaa wa matajiri wenye geti, na ndani kuna uwanja wa gofu. Sikuongeza chumvi.

Nimemweka Winstanley mwanzo kwa sababu hoja yake ndiyo hoja ya kaka yetu wa kikaoni: hailimwi, kwa hiyo ni wazi. Na ni hoja nzuri, inapendeza masikioni. Shida ni kwamba jirani anayeishi pale haoni ardhi wazi. Anaona njia ya mbuzi wake, kuni za mke wake, kaburi la babu, au shamba ambalo mtoto wake atalima akikua. Mambo hayo hayaandikwi popote na hayana uzio.

New York nitapita haraka. Miaka ya 1970 jiji lile lilikuwa limeishiwa pesa, nyumba nyingi zikaachwa au kuungua, viwanja vikajaa takataka. Mwaka 1973 msanii mmoja, Liz Christy, na wenzake wakasafisha kiwanja cha kona ya mitaa ya Bowery na Houston, wakaleta udongo, wakatengeneza matuta 60 ya mboga. Mwaka uliofuata jiji likawakodishia kwa dola 1 kwa mwezi. Wazo likaenea mitaa yote ya maskini, hasa kwa watu waliotoka Puerto Rico, ambao walijenga hadi vibanda vidogo vya mbao humo ndani vya kukalia jioni. Mwaka 1978 jiji likaanzisha ofisi maalumu ya kuzisimamia bustani hizo. Mambo yalikuwa mazuri! Lakini soma mikataba: ilikuwa ya muda, jiji lingeweza kuivunja kwa notisi fupi. Bustani zikaufanya mtaa upendeze, mtaa ukapendeza bei ya viwanja ikapanda, bei ikapanda jiji likakumbuka kwamba lina viwanja. Mwaka 1999 meya Rudy Giuliani alipanga kuuza bustani 114 kwenye mnada. Watu wakaandamana, na mwishoni mashirika mawili ya hisani, moja likiongozwa na mwigizaji Bette Midler, yakazinunua zote 114. Nyingine ambazo hazikuwa kwenye orodha hiyo hazikupona. Bustani ya Esperanza, jina lenye maana ya tumaini, ilisawazishwa Februari 2000.

Lakini hadithi inayoniuma ni ya Los Angeles.

Kule kusini mwa jiji, kwenye kona ya Mtaa wa 41 na barabara ya Alameda, kulikuwa na ekari 14. Miaka ya 1980 jiji liliwanyang'anya wamiliki wake kisheria, kwa fidia, likitaka kujenga tanuri kubwa la kuchoma takataka. Wakazi, wengi wao Wamarekani weusi, wakapinga: hatutaki moshi huo karibu na watoto wetu. Wakashinda. Ardhi ikabaki imekaa tu. Aprili 1992 jiji likaingia kwenye ghasia kubwa, maduka yakaungua, na mitaa ile ikawa na njaa ya kweli. Mwaka 1994 benki ya chakula iliyokuwa ng'ambo ya barabara ikapewa ruhusa kuitumia ardhi ile kwa bustani.

Wakaja watu wa Mexico na Amerika ya Kati, familia zipatazo 350. Wengi walikuwa wakulima kwao kabla ya kuhama. Katikati ya maghala na malori na reli, wakapanda mahindi, miwa, migomba, mapera, parachichi, na lile dungusi kakati linaloitwa nopal ambalo wao wanalila. Kwa miaka 12 ile ikawa moja ya bustani kubwa kabisa za mjini Marekani. Watoto walizaliwa wakajifunza kutembea kwenye yale matuta. Nimewahi kuona picha za pale, na kama usingeambiwa ni wapi ungesema ni kijiji chetu upande wa Kivu, hasa ile migomba.

Mwaka 2003 jiji likairudisha ardhi kwa mmoja wa wamiliki wa zamani kwa bei ya dola milioni 5 na kidogo. Mazungumzo yalifanyika ndani, wakulima hawakuwepo mezani. Wakaenda mahakamani, wakapata muda, wakapoteza. Wasanii maarufu wakaja kuwaunga mkono, mmoja akakaa juu ya mti. Wafadhili wakakusanya pesa kufikia kiasi alichotaka mwenye ardhi, kama dola milioni 16. Akakataa kuwauzia. Tarehe 13 Juni 2006 alfajiri maaskari wakaja, wakawakamata zaidi ya watu 40, na katapila likaingia kwenye migomba.

Kuna filamu ya hali halisi juu ya kisa hiki, inaitwa The Garden, ilifika hadi kuteuliwa kwa tuzo ya Oscar. Jambo ambalo wengi hawalijui ni lililofuata. Baada ya kufukuza familia 350, ile ardhi ilikaa bure miaka zaidi ya kumi. Ikarudi kuwa kiwanja kitupu.

Mtu atasema: wale hawakuwa na karatasi. Hapana, karatasi ilikuwepo. Benki ya chakula ilikuwa na ruhusa halali. Ila karatasi ile iliwapa kuingia tu. Haikusema lolote juu ya siku ya kutoka: nani atawaambia, muda kiasi gani kabla, nani atalipia mti wa miaka 12, watapelekwa wapi. Katika kusoma kwangu kote, hili ndilo lililonishika. Sisi tunaoanza bustani tunapigania sana ruhusa ya kuanza, tukishaipata tunacheza ngoma, na siku ya kuondoka tunamwachia Mungu.

Sasa nije kwa watu wa karibu yetu, ingawa kisa chenyewe kilitokea mbali. Mnawajua Wabantu wa Somalia? Baadhi yenu mlikuwa nao Kakuma. Karne ya 19 mababu zao walichukuliwa kutoka sehemu ambazo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi, wengi wakiwa watumwa, wakapelekwa kwenye bonde la mto Juba. Wengine ni Wazigua, na hadi leo wapo wanaozungumza Kizigua kule, lugha ile ile ya Handeni. Kazi yao vizazi vyote ilikuwa kulima: mahindi, ufuta, migomba kando ya mto. Somalia ilipovunjika mwaka 1991, hawakuwa na ukoo wenye bunduki wa kuwalinda, na ghala lao la mahindi likawa ndilo linalovutia wezi. Wakakimbilia Kenya, Dadaab. Sehemu yao waliendelea hadi Tanga, wakapewa makazi Chogo, wilaya ya Handeni, na baadaye wengi wakapewa uraia wa Tanzania. Fikiria hilo, kurudi kwa babu baada ya zaidi ya miaka 150 ukiwa na kadi ya mkimbizi.

Wengine Marekani iliwakubali mwaka 1999. Mwaka 2002 wakasafirishwa kwa mabasi kutoka Dadaab hadi Kakuma kwa ajili ya mahojiano, halafu ndege. Kundi moja likaangukia San Diego, California, mtaa wa City Heights. Vyumba vya kupanga, lami kila mahali. Ukiwa umezoea kuamka unashika jembe, unaamka unashika rimoti. Chakula cha bei rahisi kilichopo ni kile cha kopo na cha kukaanga. Wakaliambia shirika lililowapokea, International Rescue Committee, kwamba wanataka ardhi kidogo ya kulima.

Kikapatikana kiwanja cha ekari 2.3, mali ya jiji, kimekaa bure. Unafikiri ikawaje? Sheria za jiji wakati ule zilihesabu bustani ya jamii karibu kama jengo. Vibali, vipimo, uchunguzi wa udongo na maji, ada juu ya ada. Ilichukua karibu miaka miwili na gharama ikapita dola 40,000 kabla ya mbegu ya kwanza kuingia ardhini. Dola elfu arobaini ili mtu apande maharage! Mimi niliposoma nilicheka kwanza, halafu nikakasirika. Baadaye kidogo nikaanza kuelewa.

Bustani ile, waliyoiita New Roots, yaani mizizi mipya, ilifunguliwa mwaka 2009. Familia zipatazo 80 zikagawana vitalu, Wabantu wa Somalia bega kwa bega na watu wa Kambodia na wa Amerika ya Kati. Kila mmoja na mboga zake ambazo jirani hazijui. Baadhi wakaanza kuuza kwenye soko la wakulima la mtaa. Aprili 2010 Michelle Obama, mke wa rais, akaja kuitembelea, na kamera zote zikaja naye. Ndipo watu wa mji mzima wakasikia habari za zile dola na ile miaka miwili, wakaona aibu. Mwaka 2011 baraza la jiji likabadilisha kanuni, ikawa rahisi zaidi kwa mtu mwingine yeyote San Diego kuanzisha bustani ya namna hiyo. Yaani watu waliotoka Dadaab, ambako huruhusiwi hata kutoka kambini bila pasi, walisaidia kulegeza sheria ya ardhi ya jiji kubwa la Marekani. Na walifanya hivyo kwa kufuata njia ndefu ya ofisi hadi mwisho wake, hadi upumbavu wa njia yenyewe ukaonekana na kila mtu. Kama wangelima kimya kimya usiku, wangelima msimu mmoja.

Simaanishi karatasi ni kila kitu, wala kwamba ofisi zina haki kila mara. Wengi hapa hatuna dola 40, achana na elfu. Na shirika kubwa nyuma yako ni jambo la bahati. Nasema tu kwamba wale walijua wanamwomba nani.

Kuna wenzetu wengine ambao lazima niwataje, maana wazee wengine humu ni wa damu hiyo: Warundi wa 1972. Walipofika Tanzania serikali iliwapeleka kwenye pori: Ulyankulu, Katumba, baadaye Mishamo mwaka 1978. Pori lenyewe lilikuwa na mbung'o, ndiyo maana lilikuwa tupu. Familia zilipewa ardhi ya kutosha, hadi hekta 5 mwanzoni, wakafyeka, wakalima mahindi, muhogo, maharage, tumbaku. Kufikia mwaka 1985 UNHCR iliona wanajitegemea, ikakabidhi makazi kwa serikali ikaondoka. Si bustani ya jamii, najua, ni kubwa kuliko hiyo. Lakini swali ni lile lile. Serikali ilipowafungulia mlango wa uraia kuanzia mwaka 2007, sharti la mwanzo lilikuwa kwamba wahame makazi yale waende kusambaa mikoa mingine. Miaka 35 umelima, miembe uliyoipanda inazaa, unaambiwa utakuwa Mtanzania ukishaondoka hapa. Watu wakakwama miaka kadhaa: usipande mazao ya muda mrefu, usijenge, subiri. Sharti hilo lilikuja kuachwa, na kuanzia mwaka 2014 watu zaidi ya 160,000 wakapewa hati za uraia na wakaweza kubaki. Ulizeni wazee wenu ile miaka ya kusubiri ilikuwaje. Mimi babu yangu mdogo alikuwa anafyeka magugu kwenye shamba ambalo hakujua kama ataruhusiwa kulivuna.

Hapo pa mazao ya muda mrefu pana siri ambayo kaka zangu wa mjini hawaijui, na naomba wafanyakazi wa mashirika mwisikilize vizuri. Katika desturi nyingi za ukanda wetu huu wa migomba, ukimwazima mtu ardhi, unamruhusu kupanda maharage, viazi, mboga. Humruhusu kupanda mgomba, kahawa wala mti wa matunda. Mboga inakwisha baada ya miezi mitatu, mti unakaa. Mwenye kupanda mti anatangaza kwamba hapa ni pangu, hata kama hakufungua mdomo. Kwa hiyo mradi ukija na mbegu za mboga na miche 200 ya parachichi kwa nia njema kabisa, wewe unaona lishe na mazingira, mwenyeji anaona unamchukulia ardhi. Nimeona miradi inaleta majembe, mbegu, hata fulana zenye nembo, lakini siku moja ya kwenda kukaa na mzee wa pale na kumuuliza haimo kwenye bajeti.

Na pale ambapo ardhi haipatikani kabisa, watu walishavumbua bustani inayotembea. Kibera, Nairobi, baada ya vurugu za uchaguzi za mwanzoni mwa 2008, chakula kilipopanda na barabara kufungwa, shirika la Solidarités lilieneza kilimo cha magunia. Unajaza gunia udongo na samadi, katikati unaweka nguzo ya mawe madogo ili maji yashuke hadi chini, unatoboa matundu pembeni, unapanda sukuma na spinachi juu na ubavuni. Gunia moja linachukua miche mingi kuliko unavyodhani. Kibera ardhi yenyewe haina uhakika hata kwa wapangaji wa miaka 30, lakini gunia ni lako. Ukiambiwa hama, ni zito, ila unaita wenzako wawili unalisogeza. Tungekuwa na magunia kule kwenye lile jalala letu, zile nyanya tungezila.

Basi, turudi nyuma ya tangi.

Baada ya kile kikao, mimi na dada katibu tulifanya kazi ndogo tu, wiki mbili, bila jembe. Tulianza kwa mwenyekiti wa kijiji cha wenyeji, akatutuma kwa kiongozi wetu wa wakimbizi, akatutuma ofisi ya makazi, ofisi ikatwambia tulete barua. Kiwanja kimeandikwa ni akiba ya huduma za maji. Maana yake wanaweza kukihitaji siku wakiongeza tangi la pili, hawajui lini. Halafu, njiani kurudi, mama anayeuza chapati karibu na bomba akatuuliza kama tumeshaongea na mzee wa ng'ombe wawili. Mzee gani? Kumbe kiangazi anawapitisha pale kwenda kunywesha, anafanya hivyo tangu zamani, na hakuna karatasi yoyote inayomtaja.

Tukaenda kwake Jumamosi jioni. Tulibeba sukari nusu kilo, si rushwa, ni adabu. Dada katibu akamsomea barua tuliyoandaa. Inaomba misimu miwili. Inasema tutapanda mboga za majani, maharage na vitunguu. Inasema tutaacha njia ya hatua nne upande wa mashariki kwa ajili ya mifugo, maana hilo tulikuwa tumeshaliongeza. Na mwishoni inasema: ofisi ikihitaji kiwanja, itujulishe miezi mitatu kabla, ili kilichomo ardhini kivunwe. Sentensi hiyo ndiyo niliyoipigania, na wenzangu wanajua nilivyokuwa msumbufu.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. Akauliza swali moja tu: "Na miti mtapanda?"

Tukasema hapana, mzee.

Akakaa kidogo. Akasema njia ya hatua nne haitoshi ng'ombe wakikutana na watu wa madumu, tuweke sita, na tuje Jumatatu asubuhi na kamba atuonyeshe inapoanzia. Anayeweza kuja na kamba ndefu aje nayo. Tunakutana bombani saa moja.